Kuuguza Bila Kutesa

Jambo nililokusudia kulizungumza redioni jioni hii ni zito, na najua ya kuwa katika nyumba nyingi likitajwa sauti hushuka na mlango hurudishwa. Lakini kwa kuwa linazikuta nyumba hizo hizo moja baada ya moja, na kwa kuwa kulinyamazia hakujapata kumpunguzia mgonjwa yeyote hata usiku mmoja wa maumivu, nimeona ni taksiri kulikwepa. Nalo ni hili: mgonjwa wa saratani ambaye matabibu wamekwisha kuona kuwa hatapona, na ambaye umri wake uliosalia si wa miaka bali ni wa majuma, apewe tiba gani, na tiba gani asipewe.

Nitangulize tanbihi moja, nisije nikafahamiwa sivyo. Sisemi hata kidogo kwamba watu waikimbie hospitali. Katika nchi yetu dhulma iliyo kubwa zaidi ni ile ya kuchelewa: saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, hutibika vizuri ikionekana mapema, tena dalili zake za awali huweza kuonekana kwa kipimo cha siki kinachofanywa kwa dakika chache katika vituo vya afya, na tangu mwaka 2018 wasichana wetu wanachanjwa dhidi ya virusi viletavyo ugonjwa huo, ilhali wagonjwa walio wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, hapa Dar es Salaam, maradhi yamekwisha kuvuka mipaka. Mwanamke anayenisikia ambaye anatokwa na damu nje ya siku zake, au baada ya hedhi kukoma, na aende kesho asubuhi, wala asingoje mwisho wa mwezi. Maneno yangu yanayofuata si yake. Ni ya yule aliyekwisha kwenda, aliyekwisha kupigwa mionzi na kutundikiwa dawa, maradhi yakarudi, na mwili wake sasa unakataa.

Taasisi hiyo ya Ocean Road wengi wenu mnaijua. Jengo lake kongwe, lililojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, linaitazama bahari, na mwaka 1996 sheria ya Bunge iliifanya kuwa taasisi inayojitegemea, ikawa kimbilio la wagonjwa wa saratani kutoka kila pembe ya nchi. Mtu wa Kigoma au wa Songea humwonea tamaa mtu wa Tandika kwa kukaa karibu nayo namna ile. Lakini mchukueni mama mmoja wa Buza au wa Mbagala Charambe, ambaye saratani ya titi imekwisha kuingia katika mifupa ya uti wa mgongo, mkaipime safari yake. Huamshwa saa kumi za usiku. Hubebwa kwa shuka na vijana wanne hadi barabarani, kwa kuwa mvua imenyesha na bajaji haiingii uchochoroni. Kila shimo la njia hulipokea mgongoni. Hufika, huketi juu ya benchi kwa kuwa kulala hakuna nafasi. Huchomwa sindano, damu yake hupimwa, na saa nane za mchana huambiwa kuwa damu imepungua mno, dawa haiwezi kutundikwa, arudi juma lijalo. Akirejea nyumbani wakati wa magharibi, siku nzima katika zile chache alizobakiziwa imekwenda, na hakuna alichopata. Juma lijalo safari ni ile ile. Hapa hapana mtu mwovu: muuguzi ametenda wajibu wake, mtaalamu wa maabara kadhalika, na watoto wamejinyima ili nauli ipatikane. Bali hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ile dawa, hata ingetundikwa, ingemfaa mama kwa lolote.

Swali hilo watu wa utabibu wameliuliza kwa bidii, na majibu yao yanastahili kusikiwa katika mitaa yetu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa ambao saratani zao zilikuwa zimesambaa na dawa za mwanzo zimeshindwa, wakaangalia juma la mwisho la uhai wa kila mmoja lilikuwaje. Wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo, dawa kali za kutundikiwa, ziitwazo kimoterapia, hazikuwapa nafuu yoyote. Na wale waliokuwa bado na nguvu za kutembea na kujihudumia, ambao ndio mtu angedhani watafaidika, juma lao la mwisho lilikuwa baya zaidi kuliko la wenzao ambao hawakupewa dawa hizo. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2010, katika mji wa Boston, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu waligawanywa mafungu mawili: fungu moja wakatibiwa kama kawaida, na fungu la pili wakatibiwa kama kawaida na pamoja na hayo wakakabidhiwa mapema kwa wataalamu wa tiba shufaa, yaani wale ambao kazi yao ni kutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na fadhaa ya moyo, na kuzungumza na mgonjwa kuhusu hayo yajayo. Fungu la pili walipata tiba kali chache zaidi mwishoni mwa uhai wao, na wakaishi maisha yenye nafuu. Na juu ya hayo waliishi muda mrefu zaidi, miezi 11 na ushei, ilhali wenzao waliishi karibu miezi tisa. Aliyedhani kwamba kuacha kumhangaisha mgonjwa ni kuukata umri wake, na alitafakari jambo hilo.

Na si dawa za saratani peke yake. Katika siku za mwisho mwili huacha kutaka chakula na maji, nao huacha kwa tabia yake, kama ulivyoumbwa; nasi kwa mapenzi na kwa hofu twataka dripu itundikwe, na maji yale, ambayo mafigo na moyo hayawezi tena kuyashughulikia, huishia miguuni yakavimba na kifuani yakakoroma. Mpira hupitishwa puani ili uji uteremshwe kwa mtu asiyeweza kuumeza, na uji hupotea njia ukaingia mapafuni. Mwanamke ambaye saratani ya mlango wa kizazi imeibana mirija ya mkojo hadi mafigo yakasimama, hupelekwa kusafishwa damu kwa mashine kwa gharama ambayo nyumba ya Manzese haiwezi kuibeba mwezi mmoja, na ugonjwa ulioibana mirija hiyo ungali pale pale. Na kuna wale ambao hufikishwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakafungwa mashine ya kupumulia, na moyo unaposimama kifua chao hukandamizwa hata mbavu zikavunjika, huku mke na watoto wamezuiwa nje ya mlango kwa kuwa ndivyo zilivyo kanuni za chumba kile. Lau mgonjwa huyo angalikuwa kijana aliyegongwa na gari Barabara ya Mandela, yote hayo yangalikuwa wajibu na rehema. Kwa mtu ambaye maradhi yamemmaliza mwilini, ni adha tu.

Kwa nini basi tunayafanya? Nimehudhuria vikao vya ukoo vya namna hii, nanyi mmehudhuria, na katu sijapata kukiona kikao kilichokaa kwa kukosa mapenzi. Mkubwa wa nyumba hufungua kwa dua. Hutajwa hospitali ya tatu na ya nne. Mmoja amesikia habari za India. Mwingine husema kiwanja cha Chanika kiuzwe, na michango hutangazwa kwa simu mpaka kwa jamaa walioko Muscat. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu, wagonjwa wa saratani wakiwamo, walipanga magari yao kwa masafa marefu kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa yake. Sitawashutumu, kwani aliyekaribia kufiwa hushika kila anachoona kinashikika. Lakini katika vikao vile, yako maneno ambayo huamua mambo kuliko ushauri wa daktari, nayo ni haya: watu watasemaje? Tunaogopa kuambiwa msibani kwamba tulimtelekeza. Tunataka siku ile tuweze kusema mbele ya majirani kuwa hapana hospitali tuliyoiacha. Na kwa hofu hiyo, mwili wa mgonjwa ndio unaotolewa ushahidi wa mapenzi yetu.

Nasema kwa insafu kwamba matabibu nao wana fungu lao. Daktari kijana, aliyefundishwa kwa miaka mingi namna ya kuponya na kwa saa chache namna ya kuwa pamoja na asiyepona, huona ni wepesi kuandika dripu nyingine kuliko kuketi robo saa na familia aseme kweli. Na malipo, yawe ya bima au ya fedha mkononi, aghalabu hulipia kitanda, kipimo na chupa iliyotundikwa, wala hayailipii ile robo saa. Familia husoma karatasi ya dawa mpya kama ahadi. Laiti daktari angalisema kwa upole, "Dawa hii haitaponya, na yumkini itamchosha," wengi wangalishukuru.

Kweli hiyo, tena, inapotajwa, humfikia kila mtu isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Usimwambie, atakufa kwa hofu: ndivyo tunavyousiana mlangoni mwa wodi. Mgonjwa, ambaye mwili ni wake na maumivu ni yake, na ambaye aghalabu amekwisha kujua kwa macho yetu, huachwa peke yake na siri ambayo wote wanayo. Matokeo yake katika mitaa yetu ni ya dunia hii hii. Mtu hufa bila kusema leseni ya makazi ya nyumba ya Keko imeandikwa kwa jina la nani na karatasi yenyewe iko wapi. Bila kutaja deni alilodaiwa na deni alilodai. Bila kumtaja mtoto aliye Kilwa ambaye mke wa hapa hamjui. Bila kuomba radhi kwa ndugu aliyetengana naye tangu mirathi ya baba yao. Mjane hutolewa nyumbani kabla ya arobaini, kesi huenda mahakama ya mwanzo, na mashemeji waliochanga mamilioni kwa ajili ya dawa ambayo haikufaa hubaki hawasalimiani. Yote hayo yalihitaji asubuhi mbili tatu za utulivu, mgonjwa akiwa hana maumivu na akili yake imetulia, na shahidi mwaminifu mwenye kalamu. Asubuhi hizo zilikuwapo. Tulizitumia njiani na juu ya mabenchi.

Basi je, mgonjwa aachwe bila tiba? Hasha! Kuna tiba maridhawa zinazomfaa mtu asiyeponyeka, na baadhi yake ni za hospitali hasa. Mfupa ulioingiwa na saratani, mionzi ya mara moja tu huweza kuutuliza. Damu itokayo katika mlango wa kizazi, mionzi huweza kuizuia. Maji yaliyojaa tumboni huweza kutolewa, mtu akapumua na kulala. Kidonda cha titi chenye harufu, ambacho humfanya mgonjwa aone haya hata wajukuu wakimkaribia, huweza kuondolewa harufu hiyo kwa vidonge vya metronidazole vilivyopondwa na kunyunyizwa juu yake kwa maelekezo ya muuguzi, nayo ni dawa ya bei nafuu inayopatikana katika duka lolote la dawa Mbagala. Kinywa kikaukacho hufutwa kwa pamba yenye maji. Mwili hugeuzwa kila baada ya saa chache usiingie vidonda. Kwa kila tiba kuna kuuliza: itampa nini mgonjwa huyu, katika siku hizi alizo nazo?

Na iliyo kubwa kuliko zote ni mofini. Ni dawa kongwe, hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kila baada ya saa nne bila sindano na bila kulazwa, na maumivu ambayo vidonge vya kawaida haviyagusi hutulia. Watu huiogopa: husema ni dawa ya kumalizia, husema itamfanya mgonjwa kuwa mtumwa wa dawa za kulevya. Ikitolewa kwa kipimo na kuongezwa pole pole kwa kadiri ya maumivu, haimwui mgonjwa. Na mtu wa siku za mwisho hana la kuogopa katika uraibu. Ila hufunga choo, na kwa hiyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha, na anayeitoa mofini pasipo kuitoa hiyo amefanya kazi nusu. Mwaka 2017 tume ya jarida la The Lancet ilitangaza kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata sehemu moja ya kumi ya tani moja. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na kila mara hunitia ghaidhi, kwa sababu unga huu si wa bei ghali; anayekosekana ni mtu wa kuuagiza, na aliyeruhusiwa kuuandika, na anayekubali kuufikisha.

Jirani zetu wa Uganda wamelionyesha hilo. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya hospisi mjini Kampala, kwa kuifuata njia ambayo Cicely Saunders aliifungua London mwaka 1967, ila kwa kuigeuza ilingane na nchi zetu: badala ya kuwakusanya wagonjwa katika jengo, wauguzi huwafuata majumbani na chupa za mofini ya maji iliyotiwa rangi kuonyesha nguvu yake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika mofini wenyewe, na hapo dawa ikafika vijijini ambako daktari hayupo. Kwetu, kwa miaka mingi mofini hiyo ilipatikana Ocean Road na katika hospitali chache zilizopewa kibali. Hospitali ya Selian kule Arusha, na hospitali nyingine za Kanisa la Kilutheri, zimejenga huduma za kuwafuata wagonjwa nyumbani. Muheza nao walianza mapema. Na hapa Temeke, Chang'ombe, shirika la PASADA la Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, lililoanza mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye Ukimwi, liliwafundisha watu wetu wengi jambo ambalo leo linatufaa katika saratani: kwamba muuguzi anaweza kuingia katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, akaketi juu ya ndoo, na akafanya humo uuguzi wenye adhama.

Wako watakaouliza dini inasemaje, nao wana haki ya kuuliza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, wanazuoni wamesema kuwa kujitibu ni jambo linalopendekezwa, wala hawakulifanya faradhi kwa tiba isiyo na yakini ya kufaa. Na Papa Pius wa Kumi na Mbili, mwaka 1957, aliwaambia matabibu kwamba mgonjwa hawajibiki kubeba tiba zisizo za kawaida zinazomlemea, na kwamba kutuliza maumivu ni halali. Hakuna upande ulioruhusu kuua. Wala mimi sizungumzi habari za kuua. Kuacha kile kisichofaa na kuyapokea mauti yanapofika ni jambo jingine kabisa, na kila shehe na kila padri aliyepata kukaa na mtu katika sakarati analijua. Watanzania wenye umri wangu wanakumbuka Oktoba 1999, redio zikiwa wazi usiku na mchana, Mwalimu Nyerere amelazwa London katika Hospitali ya St Thomas' kwa saratani ya damu; tulimwombea nchi nzima, na tarehe 14 Rais Mkapa akatutangazia kifo chake. Hata pale, kwa mtu yule, mikono ya wanadamu ilikuwa na kikomo.

Nawasihi basi wenye mamlaka: mofini ya kunywa isiishie Ocean Road, ifike Mwananyamala na Temeke kwa wingi usiokatika, na iteremke mpaka vituo vya afya, na wauguzi wetu wafundishwe na waruhusiwe kuiandika kama walivyoruhusiwa wenzao wa Kampala. Nawasihi madaktari: semeni kweli mapema, kwa upole, mlango ukiwa umefungwa na kiti kikiwa kimevutwa karibu na kitanda, na mwulizeni mgonjwa kwanza kiasi gani anataka kujua. Nawasihi wakuu wa koo: kabla ya kuuza kiwanja, mwulizeni daktari kama dawa hii itaponya, au itarefusha, au itatuliza, na itamgharimu mgonjwa siku ngapi za machovu, na jibu likiwa hapana, hapana na hapana, fedha ile ichukuliwe imtunze nyumbani, imnunulie godoro zuri na kumlipa mtu wa kukesha naye, ili binti aliyemwuguza miezi sita apate kulala.

Nawe mwenye mgonjwa ndani usiku huu, unayenisikiliza kwa sauti ndogo huku yeye analia kwa maumivu: maumivu yale yana dawa. Kesho nenda kwa wanaomtibu, ulizia tiba shufaa kwa jina lake, na usikubali kuondoka na dripu peke yake.